Doa Jekundu la Mbaraki

...wala hakugeuza shingo, hata jicho hakulipeleka upande ule, alishika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa gari litamtoroka, na msikiti ulikuwa pale pale kushoto, mlango wake wa kijani wazi, birika za plastiki zimepangwa kando ya ukuta, mtu mmoja amekaa kibarazani anavaa viatu, na Fariha, katika kiti cha abiria, mkoba umelala mapajani, akatamani gari lisogee, lisogee japo kidogo, liupite mlango ule, lakini mbele kulikuwa na lori la kontena lililotaka kuingia njia ya bandarini likanasa, kichwa huku mkia kule, limeziba barabara yote ya Mbaraki, na nyuma yao honi, na nyuma ya honi honi nyingine, na barafu ndani ya bodi inatona, maji yanapenya chini ya mlango wa nyuma yanamwagika kwenye lami... kwa nini leo, kwa nini klachi ya gari lake ife leo, kwa nini gari linalokwenda Mji wa Kale liwe ni hili la Mzee Chonga, na kwa nini yeye asichukue tuktuk kama watu wengine, lakini Mercy wa ofisini alikuwa ameshasema, tena kwa sauti, mbele ya wapakizi, "Bosi, si upande tu na Mzee, yuaenda huko huko kwa baba yako," na angesema nini, angesema hapana, siwezi kukaa na mtu huyu ndani ya chumba kidogo cha gari, naona haya, angesema hivyo? "Joto," akasema Mzee Chonga, si kwake hasa, alikiambia kioo cha mbele. "Joto kweli," akajibu Fariha, na maneno yakawa yamekwisha, maneno ya watu wawili waliojuana tangu mmoja wao hajaota meno ya mbele ya utu uzima, yakaisha hapo, joto, joto kweli, na redio ikaendelea peke yake, mtu anasoma matangazo ya vifo, fulani bin fulani, maziko baada ya alasiri.

Hakuwa mtu mbaya, hilo alilishikilia, hakuanza kwa ubaya, ni barafu ndiyo iliyoanza, barafu haina subira na mtu, ukichelewa umeuza maji, na alipokabidhiwa kiwanda, baba yake Aliakbar miguu imemkatalia, ngazi za kiwandani Liwatoni haziwezi tena, akabaki nyumbani Mji wa Kale na redio yake na dawa zake, alipokabidhiwa alikuta magari manne yanayokwenda yatakavyo, mawili yanakutana uso kwa uso katika mtaa mmoja, dereva huyu analeta pande moja kwa muuza sharubati na yule analeta pande moja kwa jirani yake, na Elvis, kijana hodari lakini mvivu wa mchana, analiweka gari chini ya mkungu injini inanguruma ili apigwe na ubaridi alale, na wauza samaki wanapiga simu, barafu iko wapi, samaki wameanza kulegea macho, na yeye akawaita mafundi wakatia kile kidude chini ya dashibodi ya kila gari, kidude kidogo kama kibiriti, na siku ya kwanza alipofungua kompyuta akaona magari yake yanatembea juu ya ramani, mistari minne ya rangi, alihisi, aseme kweli, alihisi raha ya mtu aliyewashiwa taa ndani ya ghala. Akaketi nayo ramani ile kama wenzake wanavyoketi na tamthilia. Akaona gari la Kizingo linarudi tupu kila siku likipita mbele ya wateja wa gari jingine, akayaunganisha. Akaona wote wanatoka kiwandani saa ambayo malori ya bandari nayo yanatoka, akawatoa mapema. Mji wa Kale, ambako gari haliingii vichochoroni, akaweka mikokoteni ingoje mdomoni mwa njia, gari lifike, lishushe, liondoke, na barafu ikaanza kufika ikiwa kavu, kavu inatoa moshi, wateja wakashangaa, mafuta yakapungua, na hakuna hata mtu mmoja aliyeachishwa kazi, hata mmoja, jambo hilo alipenda kulisema, alilisema kila alipopata wa kumwambia.

Kisha lile doa. Programu ilitia rangi ya kijani pale gari liliposimama kwa mteja, na nyekundu pale liliposimama bila sababu inayojulikana, na ramani ilipokuwa inatakata, kijani hapa, kijani pale, kukabaki doa moja jekundu lisilotoka, Mbaraki, adhuhuri, kila siku, gari la pili, gari la Chonga. Angeweza kumuuliza. Mlango wa ofisi ulikuwa na bawaba, ungefungwa, wangekuwa wawili, lakini mtu akishatazama ramani muda mrefu hasemi tena na watu, anasema na ramani, na ramani ilimwambia wizi, ilimwambia pale pana muuza sharubati na mapande huwa pungufu, kumbe barafu ikisimama juani hupungua yenyewe, hilo hata mtoto analijua, lakini yeye alitaka mwizi, au labda hakutaka mwizi, alitaka kuonyesha kwamba anaona, kwamba hakuna kinachompita, binti wa Aliakbar ambaye madereva walimzoea akikimbia uani na misuko miwili ya nywele sasa anaona kila kitu... "Lile lori halina hata taa za nyuma," akasema Mzee Chonga. "Eeh?" "Lori. Halina taa." "Ah, ndiyo," akasema Fariha, na akamwona kwa pembe ya jicho akijiinua kidogo kitini, akihamisha uzito upande mmoja, polepole, kama mtu aliyekalia kitu, anabanwa, Mungu wangu, anabanwa na mlango uko pale.

Jumamosi ile kulikuwa na chai ya tangawizi na mahamri, alinunua mwenyewe, mkutano wa kwanza wa wafanyakazi wote, viti vya plastiki uani, runinga kubwa imetundikwa ukutani, Mercy ameshika chaja, Elvis amekaa kiti cha mbele miguu imenyooka, Mbodze na wanawake wenzake wa kupakia barafu wamekaa pamoja na leso zao kiunoni, mikono yao imekunjamana kwa baridi ya kazi, na Mzee Chonga nyuma karibu na mlango kama alivyopenda siku zote. Akawaonyesha mistari. Akawapongeza. Watu walipiga makofi, na ni yale makofi yaliyomlevya, hakuna jingine, kwa sababu ilipofika ramani ya gari la pili akasema, "Haya, Chonga," Chonga, kavukavu, bila ya mzee wala ami, "hapa Mbaraki tuna mteja gani tusiyemjua?" Elvis akasema, "Labda kuna mke mdogo, bosi," na uwanja mzima ukaangua kicheko, hata Mbodze aliyemheshimu Chonga kama kaka mkubwa aliziba mdomo kwa leso, na Fariha alicheka, ndilo lisilomezeka, alicheka, akatia na lake juu yake, "Kila siku? Mzee ana nguvu!" na kicheko kikapanda tena. Chonga hakucheka. Alisema, taratibu kabisa, "Nitakuja ofisini, bosi, nikueleze." Mlango ule, aliufungua yeye mwenyewe, akamwachia bosi wake njia ya heshima ya kutokea, na bosi wake akaufunga kwa mguu, "Hapa hatufichani, barafu ni yetu sote, ikipotea imetupotea sote, sema tu." Sema tu. Kauli ya mtu aliyekuwa ameshikilia rimoti. Chonga akaweka kikombe chini ya kiti ili kisipigwe teke, akasimama, akakunja mikono mbele, na kwa sauti ile ile anayohesabia mapande akasema, "Nna maradhi ya mkojo. Haushikiki. Pengine hunitoka kabla sijafika. Pale msikitini pana choo na maji, naingia, najisafisha, nabadili nguo, nasali, natoka. Barafu haiuzwi pale." Akakaa. Mashine ya kugandisha ikasikika, ambayo hakuna aliyekuwa akiisikia tena kwa kuizoea, ikasikika yote, na mwanamke mmoja akasema "Subhanallah" kwa pumzi tu, na Elvis akayaangalia makucha yake, na Fariha, aliyekuwa na nafasi, ilikuwepo nafasi, sekunde nyingi tu za mtu kufanywa mtu, akasema, "Haya... tuendelee. Gari la tatu." Akabonyeza. Ramani ya gari la tatu ikaja.

Tuendelee. Ameirudia kauli ile akipiga mswaki, akikuna nazi, akimfunga mtoto vifungo vya sare, tuendelee, anaisema kwa sauti bila kujua na mumewe Iqbal anauliza tuendelee na nini, hakuna, nimekumbuka kitu. Na wiki iliyofuata doa likatoka. Alifungua ramani Jumatatu akitazamia kuliona, alishajiandalia hata la kufanya, atalitia rangi ya kijani mwenyewe, kimyakimya, atakuwa amemheshimu, lakini halikuwapo, mstari ulipita Mbaraki kama uzi unaopita tundu la sindano, ukaenda moja kwa moja mpaka mjini, na Jumanne hivyo hivyo, na hapo alihisi nini, aseme, hakuna anayemsikia humu kichwani, alihisi ahueni. Hakuuliza amepona au amefanyaje. Alimwambia baba yake, amekaa miguuni pa kitanda anamkanda nyayo, "Sasa magari yote yamenyooka, hata Chonga amejirekebisha," na Aliakbar aliyekuwa amefumba macho akayafumbua, "Chonga? Chonga alikuwa na kosa gani?" na yeye akasema ah, mambo ya barabara tu, baba, mafuta haya yamekwisha nikanunue mengine...

Simu ikalia mkobani. Swabaha. Asingepokea, lakini ilikuwa njia ya kutoka garini bila kutoka, akaipokea, na sauti ya Swabaha, mwenyekiti wa jumuiya ya akina mama wa biashara, sauti isiyohitaji simu, ikajaa chumba kizima, "Fariha mpenzi, wanisikia? U hali gani, na mzee wako hajambo?" na hapo Mzee Chonga akanyoosha mkono akapunguza redio, ili asikie vizuri, akaipunguza mpaka mwisho, adabu ya mtu aliyelelewa, akarudisha mkono kwenye usukani. "Nakusikia, dada, alhamdulillahi," akasema Fariha, akiibana simu sikioni kama anayeziba jeraha. "Sikiza, ule mkutano wetu, wewe ndiwe wa kwanza kusema, nimeshaandika jina lako, wenzako wana magari ya maji, wana magari ya mikate, wote walalamika mafuta, uje uwaeleze ulivyofanya..." Dada Swabaha, niko njiani, nitakupigia... "Dakika moja tu, shoga yangu! Watu hawataki nadharia, wataka kisa. Kile kisa ulichonihadithia pale dukani, cha gari lililokuwa likipotea kila adhuhuri, ukalikomesha kwa mkutano mmoja tu, hebu kiseme kile, nilikipenda mno." Kisa. Ndiyo, alikihadithia. Amesimama katikati ya majora ya vitambaa, mkononi soda baridi, alikihadithia bila jina na bila msikiti, bila choo, bila mkojo, kilibaki kisa kizuri cha bosi mwenye macho makali, na Swabaha akacheka akampiga kofi la bega. "Nitakupigia," akasema Fariha. "Lakini utakuja?" "Nitakupigia, dada, hapa pana kelele." Hapakuwa na kelele. Hata honi zilikuwa zimechoka. Akaikata simu, akaitia mkobani, akafunga zipu, akaifungua, akaifunga, na hakuthubutu kutazama kulia, alitazama mikono yake, na Mzee Chonga hakuirudisha redio, akaiacha chini hivyo hivyo, kwa hivyo kimya kikawa chao wote wawili, na ndani ya kimya barafu ikadondoka pande juu ya pande, kishindo kidogo, gari likatikisika.

Mtikisiko ule. Kiti hiki si kile, gari lile lilikuwa pikapu la bluu lenye kiti kimoja kirefu cha ngozi iliyopasuka, lakini mtikisiko ni ule, barafu inashuka nyuma na mwili wa mtoto unaupokea mgongoni, na yeye ana umri wa miaka saba au minane, sare imepigwa pasi, Ami Chonga anampeleka shule baada ya mzunguko wa asubuhi kwa kuwa baba hana nafasi, na njia imefungwa kama leo, msiba au gwaride au nini, hakumbuki, anakumbuka kubanwa, amebanwa tangu nyumbani na hakusema, aseme vipi, mtoto wa kike amwambie mwanamume mzima, dereva wa baba yake, akakaza miguu, akahesabu madirisha, akahesabu kunguru, na shule ilipotokea kwa mbali mwili ukamwacha, ukaachia wote, joto likaenea kwenye ngozi ya kiti, likamwingia mpaka soksi. Hakulia. Aliganda. Na Ami Chonga alitazama mara moja tu, akarudisha macho barabarani, akalisimamisha gari mbele ya lango la shule, akazunguka nyuma, akarudi na debe la maji ya barafu iliyoyeyuka, akafungua mlango wa upande wa mtoto na, Mungu, akammwagia. Maji ya baridi ya kukata pumzi, sketi yote, kiti chote, sakafu yote, na papo hapo akapiga ukelele barabara nzima isikie, "Lo! Mikono yangu hii! Nimemrowesha mtoto wa watu!" na mwalimu wa zamu akaja mbio, akamfokea kama mtoto, mtu mzima hovyo, huna macho, na watoto langoni wakacheka, wakamcheka yeye Ami Chonga, dereva aliyemwaga maji, na yeye ameinamisha kichwa, "Niwie radhi, mwalimu, niwie radhi," na Fariha akaingizwa ofisini akapewa sketi nyingine na kikombe cha maziwa. Jioni baba naye alisikia, akamfokea mara ya pili, uani, mbele ya wapakizi. Naye Fariha alikuwapo. Alisimama nyuma ya mlango wa ofisi, akasikia yote, na hakusema. Alikuwa mtoto, ndiyo, lakini alijua, mtoto anajua, na hakusema jana wala mwaka jana wala siku ya harusi yake, Chonga alipokuja na mkewe wanamvuta mbuzi kwa kamba, hakulisema kabisa, alilitia mahali asipofika, na Jumamosi ile, alipokuwa anasema sema tu, lilikuwa mahali pale pale limekaa, lilimtazama. Aliyemfunika mbele ya watu, yeye amemfunua mbele ya watu. Hakuna ramani inayohitajika kuona hilo. Na je, mzee analikumbuka? Aliposimama pale uani mikono imekunjwa mbele, alikuwa analikumbuka?

"Ami Chonga." Likatoka. Neno ambalo hakulitumia tangu ashike funguo, likatoka na sauti ndogo isiyo ya mwenye kiwanda, na mzee akageuka kwa mara ya kwanza tangu Liwatoni, akamtazama, nyusi zake zimekuwa nyeupe, tangu lini zimekuwa nyeupe? "Naam." "Lori hili haliondoki sasa hivi. Shuka, Ami. Ingia hapo msikitini. Mimi nitakaa na gari, hata njia ikifunguka waache wapige honi." "Nikafanye nini?" "Kama... ile haja yako. Usione taabu. Mimi sitaki upate taabu kwa ajili yangu." Alikuwa ameyapanga vizuri, aliyasikia yanavyotoka, yana huruma ndani yake, na sehemu yake moja ndogo ikaanza kupumua. "Ah," akasema Mzee Chonga. "Ile? Ile imekwisha, bosi." Na furaha ikampanda, furaha ya kweli, mpaka macho yakamchoma, "Umepona! Alhamdulillahi, Ami, umepata dawa?" "Sikupona," akasema Mzee Chonga. "Navaa." "Wavaa nini?" Akafuta kioo kwa kitambaa, hapakuwa na ukungu. "Zile za watoto. Zipo na za watu wazima, duka la dawa wauza. Asubuhi nikitoka navaa, jioni navua." Aliyasema bila lawama, angemlaumu ingekuwa nafuu, aliyasema kama alivyosema habari ya taa za lori. "Na joto hili?" akauliza Fariha, na akajichukia kwa kuuliza. "Joto ni joto." "Na sala?" Kibarazani mtu mwingine alikuwa anavua viatu, halafu wawili, halafu kundi la vijana wa bandarini wenye fulana za kung'aa, wakati ulikuwa umekaribia, na Mzee Chonga akawatazama, sasa ndipo alipotazama upande ule, aliwatazama wakiinama kwenye birika. "Huwezi kuingia na najisi," akasema. "Na kuivua na kuvaa nyingine ni kazi, yataka nafasi, gari likae. Nakidhi nyumbani. Adhuhuri na alasiri, zote pamoja." Mtu ambaye miaka yote hiyo Aliakbar alikuwa akimsema, saa yangu ya ukutani ikifa sina wasiwasi, nitamtazama Chonga. Mtu huyo. Kisha akageuka tena, na usoni kulikuwa na kitu kama wasiwasi wa mfanyakazi, wasiwasi wa kweli, akauliza, "Lakini lile doa limetoka, sivyo? Mercy aliniambia limetoka."

"Limetoka," akasema Fariha.

"Basi vyema."

Basi vyema, na uzi ule uliopita Mbaraki bila fundo, mstari safi alioutazama Jumatatu na Jumanne na siku zote baada yake akasema kichwani mwake tazama, tazama ilivyonyooka, ulikuwa ni huu, ni kitambaa kilicholowa tangu asubuhi juu ya ngozi ya mzee, gari zima la barafu nyuma yake na yeye anaungua mapajani, na sala zimerundikwa mpaka jioni kama vyombo vichafu, na ahueni aliyoihisi yeye, ahueni ile ilikuwa na uzito huu, kuna mtu aliyekuwa anaibeba. Akataka kufungua mlango ashuke, akimbie, apande tuktuk. Akataka Mzee Chonga amfokee kama mwalimu wa zamu. Akasema, na hakuyapanga haya, yalitoka yamevunjika, "Niwie radhi, Ami. Niwie radhi kwa ile Jumamosi. Nilikukosea." Na akangoja. Kila mtu wa pwani hii analijua neno linalofuata, hupewa hata aliyekukanyaga mguu sokoni, yamekwisha, au hapana neno, au tusameheane, neno jepesi, halimgharimu mtu, akalingoja kama anayengoja chenji, na Mzee Chonga alikuwa anatazama mbele, vidole vyake vinagonga usukani taratibu, na lori limesimama, na dereva wake ameshuka anabishana na askari, mikono hewani.

"Nimekusikia," akasema Mzee Chonga.

Si zaidi. Akavuta pumzi, akajihamisha tena kitini, upande wa pili, na Fariha sasa alijua kwa nini, halafu akaongeza, kwa upole, upole uleule wa nitakuja ofisini nikueleze, "Ila humu ni mimi peke yangu niliyesikia."

Adhana ikaanza, ikapita juu ya gari, juu ya lori, ikaenda majini, na Fariha hakuitikia, midomo ilikuwa mizito, alikuwa anawaona, Elvis na miguu yake imenyooka, Mbodze na leso mdomoni, wale wanawake, Mercy, viti vya plastiki, wote wamegeuza nyuso kwake na yeye amesimama, hana rimoti, hana ukuta wa kuonyesha kidole, anasema nilimcheka mtu mzima, niliyemwita ami, kwa maradhi yake, nikamlazimisha avue mbele yenu, na joto likampanda kutoka kifuani mpaka masikioni, mwili mzima ukasema hapana, mpe likizo, mpe kazi ya getini, mpeleke kwa daktari bingwa, fanya lolote la kimyakimya, kuna mambo mengi mazuri ya kimyakimya, na yote yalikuwa ya kumfunika yeye Fariha, aliona hivyo, kila moja lilikuwa ni leso ya kumfunika yeye. Zipu ya mkoba ikafunguka. Akaandika kwa Mercy, vidole vinateleza kwa jasho: Jumamosi wafanyakazi wote wawepo uani, nina la kusema. Akautazama ujumbe. Mzee Chonga alikuwa amepandisha breki ya mkono na kuzima injini, kwa kuwa njia haikuonyesha dalili, na mafuta yanapotea bure. Akautuma. Jibu la Mercy likaja kabla hajaiweka simu chini: Sawa bosi, niwashe runinga? Niandae ramani?

Hapana, akaandika.